Darubini ya shingoni itangulie ya bunduki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo linalowahusu wawindaji wa kitalii, wakazi wenye vibali vya kuwinda, na kampuni zinazoendesha vitalu vyetu vya uwindaji, kabla msimu haujafunguliwa Julai Mosi. Jambo lenyewe ni namna tunavyochagua darubini. Kwa miaka niliyofanya kazi ya mwindaji bingwa katika vitalu vya magharibi mwa Tanzania, nimeona fedha nyingi zikimalizikia kwenye darubini kubwa ya kufunga juu ya bunduki, huku ile ya kuvaa shingoni ikinunuliwa kwa chenji iliyobaki, na mfuatiliaji nyayo anayetangulia mbele ya msafara akiachiwa macho matupu. Naamini mpangilio huo umepinduka, na wanaoulipia ni wanyama wanaojeruhiwa pamoja na vijana wanaotumwa kuwafuata vichakani.

Darubini ya shingoni ndiyo inayoamua kama mnyama apigwe au aachwe. Darubini ya bunduki huanza kazi baada ya uamuzi huo kufanyika, na kazi yake kwa kawaida ni ya sekunde chache. Asiye na kioo kizuri shingoni hujikuta akiinua bunduki ili achunguze kinachotikisa nyasi, na kinachotikisa nyasi kinaweza kuwa mrina asali, mvuvi, au mchungaji anayetafuta ng'ombe waliopotea, kwa kuwa vitalu vyetu vingi vinapakana na vijiji. Kuelekeza mtutu wenye risasi kwa kitu ambacho hujakitambua ni kosa lisilo na udhuru, hata kama kidole hakijafika kwenye kifyatulio.

Zaidi ya usalama, sheria yenyewe inatutaka tuone vizuri. Chui anayeruhusiwa kuwindwa nchini ni dume peke yake. Kwa simba, kanuni zetu zinatazama umri, na anayekusudiwa ni dume aliyefikisha miaka sita. Utafiti ambao Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao waliuchapisha mwaka 2004, uliotokana na simba wa Serengeti na Ngorongoro waliofuatiliwa kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba pua ya simba huanza na rangi ya waridi kisha huzidi kuwa na weusi kadiri anavyokua, kiasi kwamba weusi huo husaidia kukadiria umri wake. Manyoya ya shingoni peke yake hupotosha, hasa katika maeneo ya joto kama Selous, ambako dume mzee anaweza kuwa na manyoya haba kuliko kijana wa nyanda za juu. Sasa nauliza: ni nani atakayeona madoa ya puani kwa simba aliyelala kivulini umbali wa mita 100, akiwa ameshika darubini ya bei rahisi inayotoa ukungu pembeni? Nyati naye ana mtihani wake. Dume na jike wote wana pembe, na dume kijana anaweza kuwa na pembe pana za kuvutia ilhali kibao cha pembe kinachofunika paji bado ni laini na kina nywele katikati. Dume aliyekomaa kibao chake kimekuwa kigumu na kimeungana. Tofauti hiyo huonekana kwa kutazama kwa utulivu, na huwezi kuitazama kwa utulivu huku umebeba bunduki ya kilo nne au zaidi begani.

Kuhusu kuchagua, namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini ndizo za kusomwa kwanza. Inapoandikwa 8x42, maana yake inakuza mara nane na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Wanunuzi wengi hukimbilia namba ya kwanza kubwa wakidhani kukuza zaidi ni kuona zaidi. Mwili uliotembea tangu alfajiri katika joto la Oktoba hutetemeka, na kila mtetemeko wa mkono hukuzwa pamoja na mnyama. Katika miombo ya Rungwa au Moyowosi, ambako mnyama huonekana kati ya mashina mita 50 hadi 100 mbele, ukuzaji wa mara nane unatosha kabisa, na faida yake nyingine ni upana wa eneo linaloonekana, kwa sababu kundi la nyati haliishii kwa yule dume unayemtamani. Kwenye nyika za Simanjiro na Longido, ambako choroa na swala twiga hutazamwa kutoka mbali, nakubali kwamba 10x42 ina nafasi yake. Ukuzaji wa mara 12 au zaidi unataka egemeo, na mtu anayefuata nyayo hana muda wa kutafuta egemeo.

Ukigawa namba ya pili kwa ya kwanza unapata upana wa duara la nuru linalofika jichoni. Kwa 8x42 ni milimita 5.25, kwa 10x42 ni 4.2, na kwa zile ndogo za mfukoni za 8x21 ni 2.6 tu. Mchana mboni ya jicho huwa imebana hadi milimita mbili au tatu, kwa hiyo darubini zote hizo huonekana sawa dukani saa sita mchana, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Jua linapozama mboni hupanuka, kwa kijana hadi milimita saba hivi na kwa mtu wa makamo hadi tano hivi, na darubini yenye duara dogo hubaki inakupa giza. Saa hiyo ndiyo chui anaposhuka kwenye chambo. Ushauri wangu kwa anayenunua ni huu: aombe kuitoa darubini nje ya duka jioni, atazame kona yenye kivuli chini ya mti, asiitazame bendera juu ya mlingoti.

Namba hazisemi yote. Darubini mbili za 8x42 zinaweza kutofautiana sana kwa sababu ya vioo vilivyo ndani na utando uliopakwa juu yake. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani alibuni njia ya kupaka lenzi utando mwembamba sana unaopunguza mwanga unaorudishwa nyuma. Kabla ya hapo kila uso wa kioo ulikuwa ukipoteza takriban asilimia nne au tano ya mwanga, na darubini moja ina nyuso nyingi. Kwa hiyo mnunuzi aulize kama nyuso zote zimepakwa utando wa tabaka nyingi. Aulize pia kama imezibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni, kwa kuwa darubini isiyozibwa, ikikaa msimu mmoja katika unyevu wa bonde la Kilombero, huota ukungu ndani ya lenzi, na ukungu huo haufutiki kwa kitambaa. Anayevaa miwani atafute darubini inayomwezesha kuona eneo lote jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka kwenye lenzi. Darubini za juu kabisa za Zeiss, Leica na Swarovski huvuka dola 2,000 za Marekani, nazo ni bora kweli, lakini zipo za kati za dola 300 hadi 500 ambazo mtu anaweza kufanya nazo kazi ya uaminifu miaka mingi. Zile zinazouzwa pamoja na tochi na visu kwenye meza moja ningeomba tuziache.

Nikigeukia darubini ya bunduki, nasema wazi kwamba kwa wanyama wakubwa wa nchi hii, ndogo ndiyo sahihi. Bunduki ya .375 (namba hiyo ni upana wa risasi kwa inchi) ya Holland & Holland, ambayo imetumika tangu mwaka 1912 na ndiyo kipimo cha chini kinachokubalika kwetu kwa wanyama hatari, husukuma risasi ya gramu 19 hivi kwa mwendo wa karibu mita 770 kwa sekunde, na teke lake si la mchezo. Teke la .416 Rigby au .458 ni kubwa zaidi. Darubini inayotaka jicho lisogee karibu itampasua mpigaji juu ya nyusi, na mtu aliyekwisha kupasuliwa hufumba macho kabla ya kufyatua risasi inayofuata. Nafasi kati ya jicho na lenzi isipungue sentimita tisa, na ipimwe mpigaji akiwa amesimama na bunduki imeegemezwa kwenye fito tatu za kulengea zilizofungwa pamoja, kwa sababu ndivyo atakavyopiga porini. Wengi huipima wakiwa wameketi mezani, na vipimo hivyo viwili havilingani.

Darubini za bunduki za 1-4x24, 1-6x24 na 1.5-6x42, ambazo namba zake mbili za kwanza ni ukuzaji wa chini na wa juu, zimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Ukiweka ukuzaji wa mara moja au moja na nusu unaweza kutazama kwa macho yote mawili, na unaona ng'ambo na pembeni ya nyati uliyemlenga. Hili ni jambo zito kuliko linavyosikika. Risasi ngumu ya .375, yaani isiyopanuka inapoingia mwilini, inaweza kumpita mnyama wa kwanza na kumjeruhi aliyesimama nyuma yake, na kwa taratibu zetu mnyama aliyejeruhiwa huhesabiwa kuwa ameuawa, hata asipopatikana. Nimewaona wageni waliokuja na darubini za 4-16x50 wakishindwa kumpata nyati aliyekuwa mita 40 mbele yao, kwa kuwa walikuwa wameziacha kwenye ukuzaji wa juu na kioo kilikuwa kimejaa ngozi nyeusi tupu, bila bega wala shingo ya kulengea. Kwa chui, 1.5-6x42 inanitosha: kwa ukuzaji wa mara sita inatoa duara la milimita saba, ambalo ni kiasi chote ambacho jicho la mwanadamu linaweza kupokea. Msalaba wa kulengea uwe na fito nene pembeni na nukta nyekundu ya taa katikati inayoweza kufifishwa, maana nukta kali jioni hufunika mnyama. Kwa tandala, palahala na wanyama wa nyika, 3-9x40 ni chaguo zuri lisilo na gharama kubwa. Vifaa vya kuonea gizani sitavijadili, kwa kuwa sheria yetu inakataza kuwinda usiku.

Vibanio vinavyoshikilia darubini juu ya bunduki husahaulika, ilhali ndivyo vinavyolegea kwanza kwa mtikisiko wa gari. Napendelea vya chuma vinavyofunguka kwa wenzo, ili darubini iondolewe haraka mwindaji anapoingia kwenye kichaka kumfuata nyati aliyejeruhiwa, ambako saiti za chuma za mtutu ndizo za kutegemea. Na bunduki iliyosafirishwa kwa ndege ipigwe shabaha kambini kabla ya jambo lolote, hata kama mwenyewe anaapa kwamba aliirekebisha nyumbani. Darubini nyingi za Ulaya husogeza risasi sentimita moja kwa kila mbofyo wa kitufe cha kurekebishia shabaha katika umbali wa mita 100, na nyingi za Marekani husogeza karibu milimita saba. Asiyejua ya kwake ni ipi atamaliza risasi nyingi akitafuta katikati ya karatasi.

Ombi langu kubwa nalielekeza kwa kampuni za uwindaji. Mfuatiliaji nyayo ndiye anayemwona mnyama kwanza, naye askari wa wanyamapori anayefuatana na msafara ndiye anayetakiwa kusimamia kwamba aliyepigwa ni yule anayeruhusiwa. Ni haki gani basi kumdai askari ambaye hakupewa kioo cha kumtazamia simba ushahidi wa umri wa mnyama huyo? Darubini mbili za 8x32, nyepesi na zilizozibwa, ziwe sehemu ya vifaa vya kila msafara kama yalivyo maji na sanduku la huduma ya kwanza. Kisha mtu awaonyeshe wanaozipokea namna ya kuziweka sawa na macho yao: kwanza jicho la kushoto kwa gurudumu la katikati, halafu la kulia kwa pete iliyo kwenye lenzi yake, kwa sababu darubini nzuri isiyorekebishwa huumiza kichwa, na mwenye nayo huishia kuiacha ndani ya gari. Vyuo vya Mweka na Pasiansi, ambavyo vimewafundisha wengi wa wanaosimamia wanyama wetu, vingeweza kutenga muda wa mazoezi ya kukadiria umri na jinsia kwa darubini wakati wa machweo, pale mwanga unapokuwa mgumu.

Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, nasi tumechagua kuendelea nao kwa masharti. Masharti hayo hutekelezwa na macho ya watu watatu au wanne waliosimama nyuma ya mti, nami naziomba kampuni zipitie orodha zao za vifaa mwezi huu, wakati bado kuna nafasi ya kuagiza.

Wako,
Mwindaji bingwa mstaafu,
Tabora