Makaburi ya udongo hayatengenezwi kwa saruji

Mhariri,

Kila wenye itikadi kali wanapobomoa mahali patakatifu, magazeti huishia kwenye vumbi la siku ile. Kazi inayofuata, tena ndiyo ngumu, haiandikwi. Tunaomba nafasi tuieleze kwa mfano wa Timbuktu, nchini Mali.

Makaburi yaliyobomolewa pale, yaani vijumba vya udongo vilivyojengwa juu ya maziko, ni ya mawalii wa Kiislamu, na wanaoyazuru ni Waislamu. UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya urithi ulio hatarini tarehe 28 Juni 2012. Siku 2 baadaye sululu zikaanza kazi. Hadi tarehe 11 Julai makaburi 9 na mlango wa msikiti wa Sidi Yahia vilikuwa vimeshambuliwa; makaburi mengine yalibomolewa baadaye. Ahmad al-Faqi al-Mahdi, mkuu wa kikosi cha hisba (polisi wa maadili) cha wenye itikadi kali walioushika mji, mwanzoni alishauri yasibomolewe ili wasigombane na wenyeji. Wakubwa wake walipoamua vingine alitii, akaandika na hotuba ya Ijumaa ya kuhalalisha ubomoaji. Mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) ilimhukumu kifungo cha miaka 9, na mwaka uliofuata ikaamuru fidia ya euro milioni 2.7, ambazo yeye mwenyewe hana.

Hukumu haisimamishi ukuta. Kosa la kwanza, ambalo hufanywa kwa nia njema kabisa, ni kuzoa kifusi. Kifusi ndicho ramani: kina matofali mazima, vipande vya boriti na tabaka za lipu ya udongo zinazoonyesha ukuta ulikandikwa mara ngapi. Kipigwe picha kwanza, kichambuliwe kwa mkono, kisha uchimbwe mtaro mwembamba kutafuta msingi wa zamani. Vipimo vyake vilinganishwe na picha za kale na kumbukumbu za familia zinazolitunza kaburi. Wazee wakipingana na picha, msingi ndio mwamuzi.

Kosa la pili ni saruji. Ukuta wa tofali bichi hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga lipu ya saruji, maji yanayopenya kwenye nyufa hukosa pa kutokea. Udongo hulainika ndani kwa ndani, na siku moja lipu huanguka bapa zima pamoja na nusu ya tofali. Kwa nje ukuta ulikuwa unapendeza tu! Dawa ni udongo uleule uliochanganywa na pumba za mpunga au majani makavu, ukalowekwa siku kadhaa hadi unuke. Asiyevumilia harufu hiyo huukandika mapema, nao hupasuka ukikauka.

Waashi wa Timbuktu, wenye chama chao na ujuzi wa kurithishana, walianza ujenzi Machi 2014, na kufikia Julai 2015 makaburi 14 yalikuwa yamesimama. Hata hivyo kuta pekee hazikutosha. Februari 2016 wanyama walichinjwa, Qur'ani ikasomwa, ndipo wenyeji wakayahesabu kuwa matakatifu tena. Wafadhili wengi hawaitengei bajeti hatua hiyo.

Wala hawautengei ukarabati. Ukuta wa udongo unataka kukandikwa upya mara kwa mara, na mtu wa kupanda juu ya paa kabla ya mvua azibue mifereji. Maji yakituama huko juu, boriti huanza kuoza bila msaada wa sululu ya mtu yeyote.

Wasomaji wenu,
Wahifadhi wa majengo ya kale