Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: makadirio ya Bonde la Pangani yaanzie kwenye mita, si kwenye kibali

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, mahali ambapo mto unaokusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Upare na Usambara unaingia baharini. Nimeiweka barua hii wazi kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu wote wanaouishi mto huu: kukadiria maji yatakayohitajiwa na viwanda na mitambo ya umeme kwa miaka 20 au 30 ijayo. Ombi langu ni kwamba makadirio hayo yajengwe juu ya maji yaliyopimwa kwa mita, wala si juu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kibali cha kutumia maji.

Ninalisema hili kwa sababu nimelishika kwa mikono yangu. Ujanani nilifanya kazi katika kiwanda cha kuchakata mkonge. Korona, ile mashine inayoponda majani na kuacha nyuzi, hutumia maji mchana kutwa, na nyuzi zenyewe hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Yaliyobaki hutoka kwenye mfereji yakiwa tope la kijani lenye harufu ya kuchacha. Mita ya bomba letu la kuvutia maji ilikuwa imekwama, kioo chake kimeingia ukungu kwa ndani. Kila mwisho wa mwezi nilinakili kwenye daftari tarakimu ileile ya kibali, na daftari likaonekana safi kabisa. Hakuna aliyejua, nikiwemo mimi, tulikuwa tunavuta maji kiasi gani. Mtaalamu akiichukua tarakimu ya namna hiyo, akaizidisha kwa kasi ya ukuaji wa viwanda, atapata jibu lenye desimali mbili ambalo halina uhusiano wowote na mto.

Pili, Mheshimiwa, maji yanayovutwa, yanayopotea na yanayorudi yahesabiwe kila moja peke yake. Umeme ndio unaoonyesha vizuri kwa nini. Mitambo ya Hale yenye megawati 21, iliyoanza mwaka 1964, na ile mipya ya Maporomoko ya Pangani yenye megawati 68, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990, haiyanywi maji: yanapita kwenye mitambo, kisha yanarudi mtoni. Kwa hiyo kuyajumlisha na maji ya kiwanda au ya shamba la umwagiliaji ni kosa. Lakini kusema kwamba umeme hautumii maji ni kosa pia, kwa sababu bwawa lina jua juu yake. Tuchukue mfano wa bwawa lenye kilomita za mraba 100 za maji katika nchi kavu kama ile inayozunguka Nyumba ya Mungu, bwawa la juu la mto huu: likipoteza milimita 5 tu kwa siku, zimeondoka mita za ujazo 500,000, sawa na karibu mita 6 za ujazo kila sekunde, usiku na mchana. Hayo ni matumizi, na yaandikwe kwenye safu ya umeme.

Huku kwetu wastani wa mwaka hautusaidii kitu. Masika mto unajaa wenyewe. Tabu ni Januari na Februari, na tena kuanzia Agosti hadi vuli inapoingia. Siku za bamvua, bahari inapojaa na mto ukiwa mnyonge, maji ya chumvi hupanda juu kwa kasi. Nimemwona jirani yangu akichota maji kwa kata na kuyagusa kwa ncha ya ulimi kabla ya kuyaruhusu kuingia kwenye kitalu chake cha mpunga. Siku hiyo aliyamwaga, akabeba jembe lake akarudi nyumbani. Makadirio yakitolewa kwa mwezi, jirani huyu ataonekana ndani yake. Yakitolewa kwa mwaka, hatakuwepo, ingawa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya watu na kwa uhai wa mto wenyewe.

Ipo pia hesabu ambayo zamani haikuwezekana. Mitambo mitatu ya mto huu, yaani ile miwili niliyoitaja na ile ya megawati 8 ya Nyumba ya Mungu, ina jumla ya megawati 97, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji lina 2,115. Sisemi mitambo yetu ifungwe. Naomba wataalamu wapime upya ni maji kiasi gani lazima yashikiliwe kwa ajili ya umeme, na ni kiasi gani kinaweza kuachiwa kishuke wakati wa kiangazi.

Kwa viwanda vipya, kibali kisitolewe kabla mita haijafungwa pande zote mbili, kwenye bomba la kuvuta na kwenye mfereji wa kutoa, kwa kuwa maji yanayorudi machafu hudai maji mengine safi ya kuyazimua. Usomaji wa kila mwezi ubandikwe kwenye ofisi za kata, kuanzia Moshi hadi Pangani, ili anayevuta juu na anayengoja chini wasome tarakimu moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Bweni, Pangani, mkoa wa Tanga