Barua kwa Rehema, kuhusu bega lako

Columbus, Ohio

Mpenzi Rehema,

Salamu nyingi, na pole sana. Uliposema tangu uchomwe ile chanjo ya mafua huwezi hata kuinua mkono umsuke Zuhura, iliniuma kweli.

Shoga yangu, maumivu ya kawaida ya chanjo huisha baada ya siku chache. Yako yalianza usiku uleule, na sasa huu ni mwezi wa nne unaumwa. Unasema aliyekuchoma alikuwa amesimama nawe umekaa, akavuta shingo ya blauzi badala ya kukupandisha mkono wa nguo, sindano ikaingia juu kabisa karibu na mfupa. Ndivyo inavyotokea: dawa ya kwenda kwenye msuli huingia kwenye kiungo, kikavimba kwa ndani. Chanjo yenyewe silaumu, wanangu nitazidi kuwapeleka. Lakini aliyeumia alipwe.

Na huku Marekani sheria ya fidia kwa walioumizwa na chanjo ipo tangu 1986. Kila dozi ya chanjo ya mafua hukatwa kodi ya senti 75 inayokwenda kwenye mfuko wa kulipia fidia hiyo. Usihofu kumtia matatani yule dada wa famasi. Madai hupelekwa kwenye mahakama ya shirikisho Washington, na anayejibu ni Waziri wa Afya. Tangu 2017 jeraha la bega limo kwenye orodha ya madhara yanayofidiwa: maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48, bega liwe lilikuwa zima, na madhara yapite miezi 6 au ulazwe na kupasuliwa. Wakili hulipwa na mfuko huohuo, hata mkishindwa, mradi madai yana msingi. Akikuomba asilimia ya fidia yako, mkimbie.

Ninalokusihi ni hili: nenda kwa daktari wiki hii. Unameza vidonge unakwenda kazini, na hakuna karatasi hata moja inayosema unaumwa! Mtajie tarehe ya chanjo, mwambie yalianza usiku uleule, na uhakikishe ameandika hivyo. Famasi nao wakupe karatasi inayoonyesha chanjo gani, mkono gani. Sheria inakupa miaka 3 tangu dalili ya kwanza, ila kumbukumbu za hospitali zikichelewa kuanza, kesi inakuwa ngumu.

Jumamosi sina zamu. Nipigie, tuandike tarehe zote pamoja kabla hujamwona wakili.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaidi