Neema, tazama kushoto kwanza

Kahama, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Mama yako kanipa habari jana tukila, kwamba wewe na wenzako wawili mnakwenda Rwanda siku kumi na mnataka kuzunguka bila kulipa viingilio. Nimefurahi. Nimeudhika pia, maana hakuna hapa nyumbani anayeijua njia ya Rusumo kunizidi, na habari nazipata kwa mtu wa pili. Haya, nakuandikia. Isome yote, usiruke ukitafuta mahali nilipotaja pesa.

Kwanza: Rwanda magari yanapita kulia. Utasema unajua, na kweli unajua, lakini shingo yako haijui. Tangu utotoni imezoea kugeukia kulia kabla hujakanyaga barabara. Ukiwa Kigali itageukia huko huko, utaona kweupe, utakanyaga, na gari litakujia ubavu wa kushoto. Wanaogongwa kule si walevi. Ni watu wenye akili zao waliotazama upande usiokuwa na gari. Kwa hiyo kushoto, kulia, halafu kushoto tena, na utamke kwa mdomo. Wenzako wakicheka waache wacheke.

Upande unabadilika hapo hapo Rusumo. Ofisi za uhamiaji za nchi zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja, kwa hiyo foleni si ndefu kama zamani. Visa hulipii, sisi ni Afrika Mashariki, ila Mtanzania usitegemee kitambulisho cha taifa kama wanavyofanya Wakenya na Waganda. Chukua pasipoti, au hati ya dharura ya kusafiria kama pasipoti haijatoka. Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, ibebe. Mifuko ya plastiki itoe yote kabla ya kufika, wenzetu wameipiga marufuku tangu 2008 na wanapekua. Nguo funga kwenye kitenge au mfuko wa kitambaa. Saa rudisha nyuma saa moja. Maporomoko ya Rusumo ni bure, yako chini ya daraja, Kagera inapita hapo ikiwa rangi ya chai ya maziwa. Mtambo wa umeme uliojengwa hapo ni wa megawati 80, na umeme wake tunagawana sisi, Rwanda na Burundi. Kabla ya kutoa simu upige picha muulize askari, kwa sababu ni mpakani.

Kutoka hapo hadi Kigali ni kama kilomita 160, kupitia Ngoma, Kayonza na Rwamagana. Mlango wa basi uko upande wa kulia, unashuka moja kwa moja kando ya barabara, vizuri. Shida inaanza ukitaka kuvuka kwa nyuma ya basi. Usivuke nyuma ya basi wala mbele yake. Ngoja liondoke.

Kigali ni mji wa miguu. Sijui mji mwingine huku kwetu wenye njia za waendao kwa miguu zilizonyooka vile, taa zinawaka, na jioni unatembea bila kubanwa. Katikati ya mji kuna mtaa uliofungwa magari, wanauita Imbuga City Walk, una mabenchi na intaneti ya bure. Nyamirambo utajisikia nyumbani, Kiswahili kinasemwa dukani na msikitini, na ukipotea ndiyo mahali pa kuuliza. Kutoka Nyamirambo unaweza kupanda Mlima Kigali kwa miguu, kilele kiko kama mita 1,850 na mji wote unauona chini. Asubuhi moja inatosha. Farasi na kamba za kuning'inia kule juu ni za kulipia. Barabara na msitu wa misonobari hulipii. Jumapili mbili kwa mwezi asubuhi wanafunga barabara kubwa magari yasipite, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Mkiipata siku hiyo msiikose, na ni saa chache ambazo sitakuwa na wasiwasi nawe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi za jumuiya, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Maduka yamefungwa, mabasi yamesimama. Msipange kusafiri asubuhi hiyo.

Milima ya Kigali ndiyo inayonitisha. Kwenye mteremko waendesha baiskeli wenye mikungu ya ndizi wanaachia tu, hawapigi pedali, hakuna sauti. Siku hizi pikipiki za umeme nazo zimejaa na hazilii. Wewe una tabia ya kuvaa vile vidude vya masikioni kutwa nzima. Vitoe. Sikukuzaa kiziwi. Na kwenye mzunguko wa barabara magari yanazungukia kinyume na kwetu, yanakujia kutoka kushoto.

Mkipanda pikipiki, wao wanaita moto, ni abiria mmoja na kofia ngumu ni lazima. Patana bei kabla ya kupanda. Sasa sikiliza jambo ambalo halisemwi: ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia. Kwetu unashukia kushoto, kando ya barabara, mbali na ekzosi. Kule kando ya barabara ni kulia, kwa hiyo mguu unapita juu ya bomba la moto. Ndiyo maana wageni wengi wanarudi na kovu la duara kwenye shavu la mguu wa kulia. Vaa suruali ndefu, simama wima kwenye kikanyagio, nyanyua mguu nje kabisa ndipo ushuke. Usishukie kushoto kukwepa ekzosi, kushoto ndiko magari yanakopita.

Gisozi mwende. Makumbusho ya mauaji ya kimbari hayana kiingilio, unalipia tu ukitaka kile kifaa cha maelezo cha masikioni, na sanduku la mchango lipo mlangoni, wekeni chochote. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Tenga nusu siku nzima na usiweke matembezi ya raha baada yake. Nyamata, kusini ya mji, ni kanisa. Nguo za waliouawa ziko juu ya mabenchi hadi leo. Picha ndani hairuhusiwi, na usiulize mtu kabila lake, popote, hata kwa mzaha. Kuanzia tarehe 7 Aprili ni wiki ya maombolezo, muziki na starehe vinasimama. Ila ninyi mtakuwa mmesharudi.

Mkitoka Kigali kwenda kaskazini, mabasi yako Nyabugogo. Tiketi ina saa, na saa ikifika basi linaondoka hata likiwa nusu tupu, si kama yetu. Shukeni Musanze mlale usiku mmoja. Sokwe waacheni, mgeni wa mbali analipa dola 1,500 kuwaona. Kuitazama milima yenyewe kwa mbali hakulipiwi. Amkeni saa kumi na mbili, mtembee barabara ya Kinigi kabla ya mawingu: Karisimbi wenye mita 4,507, Bisoke, Sabyinyo wenye meno, Gahinga, na Muhabura pembeni kama kofia. Saa tatu ukichelewa unaona pamba tu. Barabara hiyo haina nafasi pana pembeni, na malori ya viazi yanapita. Tembeeni upande wa kushoto, ili mtazamane na gari linalokuja. Kwetu tunatembea kulia kwa sababu hiyo hiyo. Umeona jinsi kila kitu kinavyogeuka?

Kisha Rubavu. Ufukwe wa Kivu ni wa watu wote, na jioni wavuvi wa isambaza, dagaa wa kule, wanatoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanapiga kasia kwa kuimba. Kaeni mtazame hadi taa zao ziwashwe. Kivu haina kiboko wala mamba, lakini kina chake kinashuka ghafla, na wewe kuogelea ulijifunzia bwawani. Usipite maji ya kifuani. Jambo la pili ni mazuku. Ni hewa nzito isiyo na harufu inayotoka ardhini upande ule wa volkano, inajikusanya mabondeni na kwenye mashimo, hasa alfajiri pasipo na upepo. Mbuzi anaingia hatoki. Msipige hema shimoni, msilale chini kwenye kibonde hata kama ni pazuri vipi. Goma, mji wa Kongo, iko pale pale ng'ambo. Baada ya waasi kuuteka mji ule Januari 2025 sitaki kusikia kwamba mmevuka kuangalia tu.

Kutoka Rubavu inaanza Congo Nile Trail, kilomita 227 kando ya ziwa hadi Rusizi. Kwa miguu yote ni siku kumi, kwa baiskeli kama tano. Hakuna kibali wala kiingilio. Ninyi hamna siku hizo, fanyeni sehemu ya kwanza tu: siku ya kwanza Rubavu hadi Rwaza, siku ya pili hadi Kinunu kwenye kahawa, siku ya tatu rudini. Njia ni ya udongo, inapanda na kushuka vilima mfululizo, kwa hiyo usihesabu kilomita kama za Shinyanga. Kilomita ishirini pale ni siku nzima. Beba lita mbili za maji kila mtu na vidonge vya kusafishia. Tembeeni asubuhi, mvua huja mchana. Ikinyesha usiku kucha siku hiyo msitoke, milima ile inaporomoka. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130, wengi upande huo wa magharibi. Na kule kwenye udongo hakuna magari, kwa hiyo kichwa kinasahau, halafu unaibukia lami umechoka. Hapo ndipo. Kushoto kwanza.

Chakula kisiwasumbue. Kuna kitu wanaita melanje: unalipa bei moja, unajipakulia wali, ndizi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu, viazi. Unapakua mara moja tu, huruhusiwi kurudi, kwa hiyo panga sahani kama fundi anayejenga ukuta, viazi chini. Nyama ni kipande kimoja. Asubuhi ingieni duka la maziwa, bilauri ya ikivuguto, yaani maziwa mgando, na mandazi mawili vinawafikisha mchana.

Jambo la mwisho kuhusu barabara, na najua umechoka kulisikia. Siku ya kurudi ndiyo mbaya kuliko zote. Baada ya siku kumi shingo itakuwa imejifunza kushoto. Utashuka Benako au Nyakanazi kununua maji, uko nchini kwako, moyo umetulia, utatazama kushoto, na lori la kwenda Kigali litakujia kulia. Huku ni kulia tena. Andika mkononi kwa kalamu, sitanii.

Elfu themanini nimempa mama yako akutumie. Mwaka jana uliponiomba ya Bagamoyo nikasema sina, ilikuwepo, niliiweka kwenye matairi. Hii usinirudishie.

Hapa nyumbani mzima mmoja tu, nao ni mbuzi wako mweusi, kazaa mapacha. Mama yako goti linamsumbua lakini hataki kuacha kupanda ngazi ya tenki. Bati la jikoni limeng'oka kona, fundi anasema misumari ya mpira kumi na mbili, mimi nasema ishirini. Juma amefeli hesabu tena, ukipita ongea naye wewe, mimi nikiongea anainamisha kichwa tu na sijui nimemzoesha nini. Na ule ufunguo mdogo wa kabati la ukumbini uliondoka nao Desemba. Cheti chako cha chanjo kimo humo humo kabatini, kwa hiyo utume na basi la kesho, mpe kondakta kwenye bahasha.

Ukifika Rusumo, basi likiwa limesimama, nibipu. Usipige ukitembea.

Baba yako