Zainabu, picha za leo sikupiga

Zainabu mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Berlin. Mimi mzima, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo kali. Lile koti tulilochagua Karume limenisitiri kweli.

Picha za jana na juzi umezipata. Za leo uliziomba tangu asubuhi nami nikanyamaza, kwa hiyo nimekaa chini nikuandikie.

Nilikwenda Sachsenhausen, kambi ambamo utawala wa Hitler ulifunga na kuua watu. Unapanda treni ya mjini mpaka kituo cha mwisho, Oranienburg, kisha unatembea kama dakika ishirini. Nilidhani kambi ile itakuwa imejificha porini. Kumbe unapita katikati ya nyumba za watu, na baiskeli za watoto zimeegemezwa ukutani, mpaka unafika. Ilijengwa mwaka 1936, na hadi 1945 watu zaidi ya laki mbili walifungwa humo. Makumi ya maelfu hawakutoka. Shuleni Hitler tulimkariri kwa ajili ya mtihani, sababu za vita moja mpaka tano, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba kulikuwa na vitanda.

Langoni chuma kimefinyangwa kuwa maneno: "Arbeit macht frei", kazi huleta uhuru. Vijana walikuwa wanapigana picha hapo. Simu yangu nikaitia mkobani.

Ukumbi namba 38 ulikuwa wa Wayahudi. Novemba 1938 waliletwa kambini kama elfu sita kwa mkupuo, wengine wakitolewa majumbani mwao usiku. Oktoba 1942 karibu wote waliobaki walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji. Nilikuta vitanda vya mbao vya ghorofa tatu, vimebanana, lakini kilichonishika miguu ni ukuta. Mwaka 1992, vita imekwisha miaka 47, watu wenye chuki ileile walikuja usiku wakautia moto ukumbi. Sehemu iliyoungua wameiacha ionekane: rangi imevimba na kubambuka kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Nilisimama hapo kuliko mahali pengine popote. Waliokuwa wakilala mle walishauawa zamani, na bado kuna mtu aliona vitanda vyao vitupu vinamkera.

Uwanjani kuna njia iliyopinda, kipande cha mawe, kipande cha kokoto, cha mchanga, cha saruji. Wafungwa walitembezwa juu yake kujaribu soli za viatu, hata kilomita 40 kwa siku. Hapo ni Posta mpaka Kibaha, mwanangu, kwa miguu, na tumbo tupu, na kesho tena.

Sasa nikwambie habari ya mtu wa kwetu. Wayahudi milioni sita waliuawa Ulaya, na hao ndio wenye msiba ule, siji kuwanyang'anya. Lakini humo Sachsenhausen alifia mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Dar es Salaam. Mimi nimeshika chaki miaka ishirini na sikuwahi kumsikia mpaka nilipofika huku.

Alizaliwa mwaka 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita ya 1914 ilipoanza mtoto wa miaka kumi akaingia jeshini pamoja na baba. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mishahara yao, yake na ya marehemu baba yake. Wakamwambia amechelewa. Akabaki, akawa mhudumu wa meza, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza vijisehemu kwenye filamu. Mwaka 1941 walimkamata kwa kutembea na mwanamke wa Kizungu. Kesi haikusomwa. Alikaa kambini miaka mitatu na kufa tarehe 24 Novemba 1944, miezi mitano kabla ya kambi kukombolewa.

Jioni nilikwenda Brunnenstraße 193, alikokuwa akiishi. Njiani kwa waenda kwa miguu kuna kijiwe chenye bamba la shaba, ukubwa wa kiganja, na jina lake juu yake. Kiliwekwa 2007. Watu walikuwa wanakipita na mifuko yao ya sokoni. Nikachutama, nikakifuta kwa ncha ya mtandio mpaka herufi zikang'aa, nikamsomea Fatiha. Mama mmoja alisimama akangoja nimalize ndipo akapita.

Bibi yako akiwarehemu wafu wetu Alhamisi, mwambie amtaje na huyu, kwa jina lake la nyumbani: Mahjub bin Adam Mohamed. Mwandikie kwenye karatasi kwa herufi kubwa, macho yake unayajua.

Mama yako