Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Sukari Iandikwe kwa Vijiko

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Kilombero. Huku watoto wengi wamesomeshwa kwa fedha ya miwa, kwa hiyo siji kwako kuomba sukari ipigwe vita. Naomba tuwe tunajua tunakunywa kiasi gani.

Chai ya nyumbani mama anaiona. Akiongeza kijiko cha tatu, amekiongeza kwa mkono wake. Soda au juisi ya pakiti anayomtilia mtoto kwenye begi la shule haimwonyeshi kitu. Ubavuni, kwa herufi za kukodolea macho na mara nyingi kwa Kiingereza, kuna gramu kadhaa "kwa mililita 100". Nani anywaye mililita 100? Soda yenye gramu 10 kwa kipimo hicho, ikiwa kwenye chupa ya mililita 350, ina gramu 35. Hivyo ni karibu vijiko tisa vya chai. Hakuna mzazi ninayemjua anayeweza kumkorogea mwanawe vijiko tisa kwenye kikombe kimoja, lakini dukani tunavinunua bila wasiwasi.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikibaki chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Chupa moja imeshapita hapo. (Sukari ya tunda zima haihesabiwi humo, embe na mapapai tuendelee kula.)

Chile iliweka alama nyeusi mbele ya bidhaa zenye sukari nyingi mwaka 2016, na Meksiko ikafuata mwaka 2020. Inawezekana.

Najua viwango vya lebo za vyakula viko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nayo haiko chini ya wizara yako. Lakini wagonjwa wa kisukari, wenye vidonda vya miguu visivyopona na figo zilizoharibika, wanaletwa hospitali zako. Tunakuomba ukae na mwenzako wa viwanda, mtoe agizo moja: mbele ya kila chupa na pakiti, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, iandikwe idadi ya vijiko vya sukari vilivyomo kwenye chupa au pakiti nzima. Mkianza na vinywaji vinavyouzwa shuleni, tutashukuru sana.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi, Kilombero