Risala ya Klabu ya Kompyuta ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Gemu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu wetu walezi,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,
Itifaki imezingatiwa.

Shikamooni. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na tunakushukuru wewe, mama yetu, kwa kukubali kuja kwetu Mbeya pamoja na baridi hii ya Julai. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika klabu yetu tunafundishana kutengeneza gemu kwa Scratch, programu ya bure ambayo ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Wapo wanaotuuliza: wasichana na gemu wapi na wapi? Ukipita jioni kwenye vibanda vya gemu kule Mwanjelwa, utakuta mabenchi yamejaa wavulana wanapokezana pedi za kuchezea, na msichana akisimama mlangoni anaulizwa amemfuata nani. Leo tunaomba kulijibu swali hilo mbele yako.

Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa gemu ya Metroid. Mchezaji alimwongoza mpiganaji aliyevaa deraya kuanzia utosini hadi unyayoni, na hata kijitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilimtaja kama mwanamume. Aliyemaliza gemu haraka ndiye aliyeona mwishoni kuwa Samus Aran ni mwanamke. Mwaka 1991 ikaja Street Fighter II ya Capcom. Wapiganaji wa kuchagua walikuwa 8, na mwanamke alikuwa mmoja tu, Chun-Li, ofisa wa Interpol anayemsaka muuaji wa baba yake. Hakuna anayekuja kumwokoa Chun-Li. Anarusha mateke mfululizo kwa kasi ambayo jicho halifuati, na aliyemdharau analala chini.

Lakini anayependwa kuliko wote klabuni kwetu ni Lara Croft wa Tomb Raider, gemu iliyotengenezwa na kampuni ya Core Design katika mji wa Derby, Uingereza, ikatoka mwaka 1996. Mbunifu wake, Toby Gard, alianza na mhusika mwanamume kisha akambadilisha. Lara anaingia peke yake kwenye mahandaki ya kale, anapima umbali kabla ya kuruka, anafumbua mafumbo. Mji wa Derby una barabara inayoitwa Lara Croft Way, iliyofunguliwa mwaka 2010. Na kuna jambo dogo ambalo sisi tunaochora tunalipenda sana: katika gemu ya kwanza, wakati wa kucheza, nywele za Lara zimefungwa nyuma. Ule msuko mrefu unaopepea anapokimbia ulionekana mwaka 1997, kwenye gemu ya pili.

Mheshimiwa, mapenzi hayo hayatuzuii kusema ukweli. Lara alichorwa kwa macho ya wanaume, na matangazo ya miaka ile yaliuza umbo lake kuliko akili yake. Sisi wasichana tuliliona hilo bila kuambiwa na mtu. Gemu ilipoanzishwa upya mwaka 2013, mwandishi wake mkuu alikuwa mwanamke, Rhianna Pratchett, na Lara wa humo anaogopa, anaumia, anatetemeka kwa baridi, kisha anaendelea. Kabla ya hapo, mwaka 1982, mwanamke wa Kimarekani, Carol Shaw, alikuwa ameshatengeneza River Raid ya kampuni ya Activision. Kwa hiyo kazi hii wanawake hawakuianza jana, na anayekaa kwenye meza ya kuchora ndiye anayeamua shujaa ataonekanaje.

Ndiyo maana tumemchora wa kwetu. Mwenzetu wa kidato cha tatu anayetoka Songea alituletea habari za Mkomanile, mwanamke kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na mashujaa wengine wa Maji Maji. Tulikubaliana kwamba mchezaji asipewe bunduki. Kazi yake ni kufikisha ujumbe usiku, kijiji hadi kijiji, bila kukamatwa na doria. Kila hatua anayopiga Mkomanile inachorwa kwa picha yake ya peke yake. Anaporuka, kaniki yake inatakiwa ichelewe kidogo nyuma ya mwili, halafu itulie baada ya miguu kugusa ardhi. Sehemu hiyo imetutesa kuliko zote, na bado kwenye kuruka kinyumenyume kaniki inatangulia mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni kompyuta chache na umeme unaokatika kabla hatujahifadhi kazi. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta, hata zilizotumika, pamoja na vibao vya kuchorea. Tunaomba chumba cha kompyuta kifunguliwe kwa ajili yetu Jumamosi. Tunaomba pia utuunganishe na wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya waje kutufundisha. Na wazazi wetu, tunawaomba mturuhusu kubaki klabuni baada ya vipindi.

Ombi la mwisho ni la leo hii. Gemu ya Mkomanile ipo kwenye kompyuta ya kwanza kushoto kwako. Tunakuomba, mama, uwe wa kwanza kuicheza. Vishale ni vya kutembea, kitufe kirefu ni cha kuruka, na doria ya kwanza inatokea upande wa mto.

Tunaomba kuwasilisha.
Wanaklabu, Klabu ya Kompyuta ya Wasichana